Maharagi Goma: moto mkali hausaidii kitu

Jirani yangu hapa Himbi, mtaa wa Goma, akiona maharagi yanachelewa, huongeza makala (makaa). "Mwalimu, moto ndio dawa," ananiambia. Mama, hayo makala yako yanaishia kwenye mvuke.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayokandamiza maji ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani, ndiyo maana maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Yakishatokota, hata upepee mbabula (jiko la makala) mpaka iwe nyekundu, joto lake halipandi tena.

Hili nalifundisha kila mwaka. Molekuli ya maji ni oksijeni moja iliyoshika hidrojeni mbili, kwa pembe ya nyuzi 104.5. Oksijeni huvuta elektroni (chembe zenye chaji hasi) kwake, ikawa hasi kidogo. Hidrojeni zikabaki chanya kidogo, nazo zikavutwa na oksijeni za molekuli za jirani. Hizo ndizo bondi za hidrojeni. Moja moja ni dhaifu, ila ni nyingi mno, na molekuli haitoki kuwa mvuke bila kuzikata. Bila hizo maji yangekuwa gesi hapa mezani: sulfidi ya hidrojeni, yenye salfa mahali pa oksijeni na ambayo molekuli yake ni nzito zaidi, huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Kukausha lita moja ya maji yanayochemka hula joto zaidi ya mara 7 ya lile la kuyatoa nyuzi 20 hadi 95. Makala yanaisha huko.

Kwa hiyo loweka maharagi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, washa moto wa nguvu. Yakitokota, yaache yatokote vizuri dakika 10 au zaidi, hasa yale mekundu, maana yana sumu inayohitaji mchemko wa kweli. Kisha punguza makala nusu, funika, weka jiwe juu ya kifuniko (mawe ya volkano yetu, Nyiragongo, hatujakosa). Jiwe halifanyi sufuria iwe ya presha, linazuia tu mvuke kutoroka ovyo. Ukiona vipovu vinapanda polepole, inatosha: joto la ndani ni karibu lile lile. Maji yakipungua, ongeza ya moto.

Wapo wanaotia chumvi ili maji "yapate moto zaidi". Kupandisha nyuzi moja tu kunataka gramu 58 hivi kwa lita. Nani atakula?

Kinachopandisha nyuzi kweli ni sufuria ya presha, inayopita 110 hata hapa kwetu. Isijae zaidi ya nusu, povu la maharagi huziba tundu la mvuke, na usiifungue kabla presha haijashuka yenyewe.