Kabla hujapakua programu ya kumtunza mzee: ikilia, nani anaamka?

Saa mbili usiku simu inalia: dawa ya presha. Dada yuko safarini, anaiona arifa, anajua mdogo wetu yuko nyumbani. Mdogo wetu yuko jikoni, anausikia mlio, anadhani dada ameshampigia mama kumkumbusha kama kawaida yake. Mimi niko kazini, nafikiri wapo wawili, yatosha. Mama amesinzia kitini. Asubuhi kidonge kiko palepale kwenye kisahani.

Hili lilitupata sisi, watoto watatu wenye programu moja ambayo usiku ule ilifanya kazi yake bila kosa. Ililia kwa wakati, kwenye simu zote tatu. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza programu ipi ni nzuri ya kumsaidia kumtunza mzazi, namrudishia swali: mmeshakubaliana nani anaamka ikilia?

Hilo ndilo jambo la kwanza kuzingatia, na lifanyike kabla ya kupakua chochote. Kaeni kama familia, mgawane kwa majina. Dawa za asubuhi ni za nani, za usiku ni za nani, kliniki anampeleka nani. Kisha mkubaliane kwamba mwenye zamu asipojibu ndani ya dakika 30, nani anapiga simu. Programu nyingi hukuruhusu kuchagua nani apokee arifa gani, na ni vizuri kila mtu apokee zake tu. Arifa inayowalilia watu watano kwa pamoja hujibiwa na mmoja siku za mwanzo, kisha huzoeleka kama kelele za barabarani.

Katika kugawana, wanaoishi mbali wasiachwe. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hutoa asilimia 70 ya saa zinazotumika kuwatunza watu wenye ugonjwa wa kusahau, na nadhani kila familia inamjua mwanamke huyo kwa jina. Aliye mbali hawezi kumwogesha baba, lakini anaweza kusimamia kalenda ya kliniki, kuhesabu dawa zilizobaki na kuagiza nyingine kabla hazijaisha, na kupiga simu ya kila jioni. Hizo ni kazi ambazo simu inazibeba vizuri. Apewe, na jina lake liandikwe.

Jambo la pili ni ridhaa ya mzee mwenyewe. Tunalipita haraka kwa sababu tunampenda na tuna haraka. Kumwekea mtu mzima programu inayoonyesha mahali alipo bila kumwambia ni kumvunjia heshima, na akija kugundua, simu ataiacha nyumbani kila akitoka. Mweleze kwa lugha yake: itaonyesha nini, nani ataona, na anaweza kuizima vipi. Kama ameanza kusahau, mazungumzo haya yafanyike mapema, angali anaweza kusema anachotaka na asichotaka. Kamera chumbani au bafuni mimi siikubali. Na mjue mipaka ya chombo chenyewe: alama ya mahali hupotea betri ikiisha, na ndani ya majengo huweza kuonyesha nyumba ya jirani.

Dawa ndizo zinazohitaji maandalizi makubwa kuliko yote. Usianze kuandika kwa kumbukumbu. Toa kila kitu, cha kabatini, cha mkobani, cha chini ya mto, ukiweke mezani, kisha uende nacho kwa mfamasia au daktari mkakague pamoja. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi. Panadol ni paracetamol, na dawa nyingi za mafua zina paracetamol hiyohiyo ndani yake, kwa hiyo mzee anaweza kuwa anameza dozi mbili akidhani ni vitu viwili. Kwenye programu andika jina la dawa yenyewe, si la biashara tu, na uongeze maelezo ambayo yeyote ataelewa: kidonge cheupe cha duara, cha presha, asubuhi.

Halafu kuna saa. Sisi tunaosema Kiswahili tuna mtego wetu. Mzee anasema dawa yake ni ya saa mbili usiku, mtoto anaandika 2:00 kwenye simu, na simu inalia saa nane usiku wa manane watu wamelala. Saa mbili usiku kwenye simu ni 20:00. Ingiza, kisha soma kwa sauti mbele ya mtu wa pili. Maandishi ya "kutwa mara tatu" nayo yanahitaji swali: ni kila baada ya saa nane, au ni asubuhi, mchana na jioni pamoja na chakula? Si kila dawa hukubali jibu moja. Programu haitakuuliza. Mfamasia atakujibu kwa dakika moja.

Mkubaliane pia alama ya tiki ina maana gani. Kwetu mwanzoni ilimaanisha "nimempa." Siku moja nikitandika kochi nikakuta vidonge vinne chini ya mto, vimeanza kuyeyuka na kushika kitambaa, na kwenye simu siku zote zile zilikuwa na tiki ya kijani. Mama alikuwa anapokea, anasubiri tugeuke, anavificha kwa sababu vilimsumbua tumbo. Sasa tiki inawekwa baada ya kumeza na kunywa maji, tukiwa tumekaa naye. Akikataa, tunaandika amekataa na sababu yake. Sababu ile ndiyo iliyomfanya daktari abadilishe dawa. Na hatari iko upande wa pili vilevile: aliyempa akisahau kuweka tiki, anayeingia zamu ataona dozi haijatolewa na kumpa tena. Ukikuta pengo, uliza kwanza. Usimpe kwa kukisia.

Simu yenyewe ijaribiwe. Simu nyingi huzima programu zilizotulia ili kuokoa betri, na kikumbusho kikafa kimyakimya. Ingia kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu programu hiyo ifanye kazi wakati wote. Kisha weka kikumbusho cha baada ya saa mbili, funga kioo, iache simu mezani usiiguse. Rudia jaribio hilo bando likiwa limezimwa. Ikishindwa kulia bila intaneti, tafuta nyingine.

Kama mzee ndiye atakayeitumia, chagua mlio mzito pamoja na mtetemo, maana usikivu wa uzeeni huanza kupoteza sauti nyembamba. Kuza maandishi. Ondoa kwenye kioo cha mbele kila asichokihitaji. Vidole vikavu au vinavyotetemeka hugusa kioo na kioo kisisikie. Kwenye mipangilio ya ufikivu unaweza kurekebisha muda wa mguso. Mpe wiki nzima ya kuzoea akiwa nawe pembeni, na umwache abonyeze mwenyewe hata kama anachelewa. Simu nyingi za Android na za iPhone zina mahali pa kuandika taarifa za dharura zinazosomeka bila nywila: magonjwa, dawa, mzio, namba ya ndugu wa karibu. Jaza leo. Ni kazi ya dakika chache.

Kuhusu vipimo nasema wazi: programu inayodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera ya simu, bila mashine ya kufunga mkononi, usiitegemee. Iliwahi kuuzwa moja ya namna hiyo nchini Marekani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha kwamba karibu wanne kati ya watano waliokuwa na presha ya juu wangeambiwa wako salama. Mwaka huohuo mamlaka ya biashara ya nchi hiyo ikamchukulia hatua mtengenezaji. Tumia mashine, na programu iwe daftari la kuandikia tu. Mzee akae dakika tano ametulia, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila maongezi. Pima mara mbili, katikati ukiacha dakika moja. Muulize daktari mapema namba gani ni ya kupiga simu na ipi ni ya kwenda hospitali usiku huohuo, kisha ziandikeni ndani ya programu kwa maneno.

Gharama na faragha ni fupi. Soma kama majaribio ya bure yanageuka malipo ya kila mwezi. Programu ya vikumbusho vya dawa haina sababu ya kuomba picha zako wala orodha yako yote ya namba za simu. Hakikisha unaweza kutoa kumbukumbu zenu na kuzihifadhi siku mkiiacha. Neno la siri lijulikane na watu wawili.

Kisha wewe unayemtunza. Kwenye kalenda ileile ya familia weka zamu yako ya kupumzika, yenye jina la atakayekushika mkono. Ikiwa haimo kwenye kalenda, haitakuwepo. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo yanayoitwa iSupport kwa wanaowatunza watu wenye ugonjwa wa kusahau, na sehemu nzima ndani yake inamhusu mtunzaji mwenyewe. Wataalamu nao wana dodoso la Zarit, la maswali 22, la kupima mzigo wa mtunzaji. Unaweza kumwomba mhudumu wa afya mlipitie pamoja. Nimewaona watu wakirekodi usingizi wa mzazi kwa miezi huku wao hawalali, na hakuna hata mmoja aliyewauliza.

Mwisho, andikeni yote kwenye karatasi moja, ikae ukutani karibu na dawa: orodha, saa, namba za simu, zamu. Kabla ya kuanza kuitegemea programu, fanyeni siku moja ya mazoezi. Mwite ndugu ambaye hakai na mzee mara kwa mara, mwachie zamu kutwa nzima, nanyi mzime simu zenu isipokuwa moja ya dharura. Kila swali atakaloshindwa kulijibu aliandike. Kwetu alikuja wifi. Swali lake la kwanza lilikuwa ufunguo wa kabati la dawa uko wapi, na hatukuwa tumeuandika popote, si kwenye simu wala kwenye karatasi.