Namna ya kuziangalia muvi za Clint Eastwood ukianzia na ile anayoipenda yeye

Huku Mwanza wengi wetu Clint Eastwood tunamjua kwa kofia, kigwanda na bastola basi, yule steringi asiyeongea sana ambaye akikunja jicho ujue mtu anakwenda chini. Mimi nilimjulia kwenye kibanda cha video Kirumba, tumebanana kwenye benchi, jasho linatutoka. Sina ubaya na muvi zile, ila kuna njia nyingine ya kumwangalia huyu mzee na tangu niifuate namuona mtu tofauti kabisa, ndo maana nataka nikuelekeze.

Anza na muvi ambayo yeye hayumo. Inaitwa The Ox-Bow Incident, ya 1943, dairekta ni William Wellman na steringi ni Henry Fonda. Eastwood amewahi kuitaja kati ya muvi anazozipenda, na alipokuwa bado anatafuta njia aliigiza kwenye muvi ya Wellman huyo huyo, Lafayette Escadrille ya 1958. Ni dakika 75 tu, wala hutachoka.

Iko hivi. Nevada, mwaka 1885, habari inafika mjini kwamba mfugaji kauawa na ng'ombe wameibwa, wanaume wanapanda farasi hawataki kumsubiri sherifu (mkuu wa polisi wa pale), usiku wanawakuta watu watatu wamelala porini wana ng'ombe wenye alama ya yule mfugaji na hawana karatasi ya mauziano. Sasa sisi watu wa Usukumani nani atueleze uzito wa kesi ya ng'ombe? Kila mtu hapa ameshasikia kelele za mwizi mwizi zikipita mtaani, akaona umati unavyojaa kabla hata hujajua kaibiwa nani. Muvi nzima iko hapo.

Maandalizi. Ni nyeusi na nyeupe na sehemu kubwa ni usiku, kwa hiyo usiiweke mchana pazia likiwa wazi, hutaona kitu, subiri kiza kiingie vizuri, kwetu saa moja na nusu jioni hivi ni muda mzuri. Kama una projekta funga madirisha mapema maana wale wadudu wa ziwani wakishaona mwanga wanajaa ukutani mpaka sura ya Fonda inapotea. Kama unatumia tivii na fleshi, faili la sabtaito lipe jina lile lile la muvi na uliweke folda moja nayo, ukikosea herufi moja tivii nyingi hazilisomi. Na fleshi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4, usije ukadhani imekufa. Kwenye kompyuta ukitumia VLC, sabtaito zikichelewa bonyeza G, zikiwahi bonyeza H, taratibu mpaka zikae sawa.

Usitafute iliyoingizwa sauti ya kutafsiri. Nawaheshimu sana wale madijei wetu, wametulea, ila hii ina ukimya mwingi na ukimya ndo utamu wake. Kama una wazee sebuleni simamisha kidogo uwaeleze halafu uendelee, mimi ndivyo nilivyofanya babu alipokuja kututembelea kutoka Magu, tukamuwekea matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na chai, nikawa namtafsiria.

Halafu kuna sehemu lazima usimamishe. Kundi linapiga kura, wanaopinga wale watu kunyongwa bila mahakama wasogee pembeni, na wanasogea saba tu. Hapo bonyeza pozi uulize kila aliyepo, wewe ungesogea? Usiwajibie. Kwetu kila mtu alisema angesogea, babu akanyamaza kisha akasema, "Hao saba nao si walipanda farasi wakaja?" Tulikaa kama robo saa tunabishana kabla ya kuendelea. Mwisho siusemi, ila Fonda akianza kusoma barua angalia kofia ya mwenzake inavyomziba macho, hapo usimruhusu mtu aende jikoni.

Ukishaimaliza sasa rudi kwa Eastwood. Weka Hang 'Em High ya 1968, hiyo hakuidairekti lakini inaanza na yeye mwenyewe akitiwa kitanzi na wanaume tisa wanaoamini kaiba ng'ombe. Umeona? Kisha Unforgiven ya 1992, hiyo kadairekti na kuigiza, alikuwa na miaka 62, ikachukua Oscar 4 ikiwemo ya picha bora na ya dairekta. Wengi wanaangalia risasi za mwisho, wewe sikiliza habari ya yule mwanamke aliyekatwa usoni inavyokua kila ikipita mdomo mwingine, mpaka inafika kwa wauaji wanaambiwa kakatwa na macho na vidole. Kwangu hiyo ndo kazi yake kubwa kuliko zote na ukiianza kabla ya Ox-Bow utaiona nusu tu.

Zilizobaki chukua polepole, moja kwa wiki inatosha. Mystic River ya 2003, baba kauliwa binti yake na anamtafuta muuaji kwa mikono yake, ni nzito, watoto wakalale kwanza. Richard Jewell ya 2019 ni kisa cha kweli cha mlinzi wa Atlanta aliyeshukiwa bomu la 1996 wakati yeye ndo aliyeliona na kusaidia kuwaondoa watu. Na Juror #2 ya 2024, mzee aliitengeneza akiwa na miaka 94 na bado anauliza swali lile lile la wale watu saba, safari hii ndani ya mahakama yenyewe.

Sisi tumefika Mystic River, Jumamosi hii, na babu kapiga simu anauliza basi la kutoka Magu la saa ngapi litamuwahisha.