Mtoto mwenye utando mweupe mdomoni usiokwisha: namna ya kufuatilia kingamwili

Hapa Dodoma, mtoto akiletwa kliniki na fangasi za mdomo zinazorudi kila zikitibiwa, sote huwaza VVU kwanza, na ni sahihi kupima. Kosa ni kufunga faili pale majibu yanapokuwa hasi. Upo ugonjwa nadra wa kurithi, uitwao APS-1, unaotokana na hitilafu ya jeni ya AIRE, iliyo kwenye kromosomu ya 21 na kutambuliwa mwaka 1997. Jeni hiyo huzisaidia chembe za kinga, zikiwa bado kwenye tezi ya thaimasi iliyo kifuani, kuvijua viungo vya mwili wenyewe ili zisivishambulie. Ikiharibika, mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, dhidi yake wenyewe, na tezi hufeli, hasa parathairoidi za shingoni zinazotunza kalsiamu na adrenali zilizo juu ya figo.

Hatua ya 1. Uliza kuhusu ganzi, kukakamaa vidole na degedege isiyo na homa. Binti mmoja kutoka Mpwapwa alikuwa ametibiwa kifafa kwa muda mrefu. Nilipomfunga mkanda wa presha na kuuacha umejaa upepo kwa dakika 3, kiganja kilijikunja, vidole vikakusanyika kama vya mtu anayetaka kumega tonge. Kalsiamu yake ilikuwa chini sana.

Hatua ya 2. Tazama fizi na mistari ya viganja kama vimeingia weusi mpya, dalili ya adrenali kufeli, kisha pima kalsiamu, homoni ya parathairoidi, sodiamu, potasiamu na kotisoli ya asubuhi, ambayo ni homoni ya adrenali. Ikiwa mtoto anatapika na presha imeshuka, mpe hidrokotisoni (dawa ya kuziba pengo la kotisoli) na maji ya mshipa papo hapo, kwa sababu majibu ya kingamwili yatamkuta amechelewa.

Hatua ya 3. Chukua damu kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, iache igande kwa dakika 30, izungushe kwenye mashine, ugawe seramu (majimaji yanayobaki juu) katika vichupa viwili na kuigandisha. Isafirishwe ndani ya barafu, maana kuyeyuka na kugandishwa tena na tena huiharibu.

Hatua ya 4. Omba kwanza kingamwili dhidi ya interferoni ya omega na ya alfa, protini za mwili za kupambana na virusi; kingamwili hizo hupatikana kwa takriban wagonjwa wote, mara nyingi kabla tezi hazijafeli. Huonekana pia kwa watu wenye uvimbe wa thaimasi, kwa hiyo jeni ipimwe kuthibitisha. Kingamwili dhidi ya interlukini 17 na 22, protini za kinga zinazozuia fangasi, ndizo zinazoeleza fangasi zile. Kingamwili zikionekana dhidi ya kimeng'enya cha adrenali kiitwacho 21-haidroksilesi huku kotisoli ikiwa bado nzuri, mrudishe mtoto kliniki mara kwa mara, na mweleze mama kwamba akitapika au akilegea ghafla asisubiri kupambazuke.