Jinsi ya Kutazama Senti za Shaba za Kale Kwenye Maonyesho ya Sarafu

Kwenye maonyesho ya sarafu hapa Marekani, watu wengi hukimbilia meza za dhahabu. Shaba hukaa pembeni, kahawia iliyokolea, kama vifungo vya koti la babu. Mimi huenda huko moja kwa moja, na kila ndugu ninayefuatana naye humfundisha kutazama kwa utaratibu huu. Ninazungumzia hasa senti kubwa zilizofuliwa Philadelphia kuanzia 1793 hadi 1857, kila mwaka isipokuwa 1815.

Hatua ya 1: Jiandae. Beba lenzi ya mkono inayokuza mara saba hadi kumi, kitambaa laini, daftari na penseli. Nawa mikono, kausha kabisa, usipake mafuta. Kalamu ya wino iache nyumbani.

Hatua ya 2: Omba. Msalimie mwenye meza, mweleze kuwa umekuja kutazama tu, kisha ulize, "Naweza kuishika hii?" Wenye shaba ni watu wakarimu, wengi wao wamesubiri asubuhi nzima mtu wa kuwauliza. Omba sarafu moja kwa wakati. Ukiisharudisha ya kwanza ndipo uombe ya pili.

Hatua ya 3: Shika ukingo, funga mdomo. Tandika kitambaa mezani, inyanyue sarafu kwa kidole gumba na cha shahada, ukibana ukingo peke yake, na usiipandishe zaidi ya kimo cha kiganja juu ya kitambaa. Na usiongee ukiwa umeiinamia. Mzee mmoja, mara ya kwanza aliponipa sarafu yake ya 1794, aliweka kiganja chake kati ya mdomo wangu na sarafu kabla sijatamka neno. Tone dogo la mate linatosha kuacha doa jeusi kwenye shaba, na doa hilo halitoki. Kama una swali, geuza uso kando kwanza.

Hatua ya 4: Tazama ngozi kabla ya picha. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote. Mgeni hutafuta sura na tarehe, lakini anayejua shaba huanza na ngozi yake. Kaa karibu na taa, uinamishe sarafu taratibu huku na huku, na uufuate mwanga unavyotembea. Mwanga ukiteleza bila kukwama, kama juu ya mbao ya mpingo iliyosuguliwa, hiyo ni ngozi nzuri. Ukikatika katika vitone vitone, shaba imeliwa na unyevu. Chungulia kwenye mashimo ya herufi: kutu ya kijani hupenda kujificha humo. Rangi ya waridi iliyopauka ni dalili kwamba sarafu imesafishwa. Kahawia iliyo sawasawa mno, mabondeni na vilimani, inatia shaka kuwa imepakwa rangi upya. Niliwahi kununua moja ya namna hiyo kwa sababu tarehe ilinipendeza. Sasa naiweka kama somo. Senti iliyochakaa yenye ngozi laini naipenda kuliko yenye michoro mikali na uso wa vipele.

Hatua ya 5: Soma ukingo. Senti ya 1794 ina maneno ONE HUNDRED FOR A DOLLAR, yaani mia moja kwa dola. Mwishoni mwa 1795 uzito ulishushwa kutoka takriban gramu 13.5 hadi 10.9, sarafu ikawa nyembamba, na maandishi yakaondoka.

Hatua ya 6: Sasa tazama picha. Chapa za miaka ya mwanzo, yaani vyuma vya kugongea sarafu, zilichongwa kwa mkono, kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana. Kwa senti za 1793 hadi 1814, wakusanyaji hutumia namba za Sheldon, aliyeziorodhesha, kutofautisha kila jozi ya chapa, na namba 1 ni senti ya mnyororo ya Machi 1793. Kama imo mezani, ivulie kofia. Upande mmoja yuko Uhuru, mwanamke mwenye nywele zilizotimka. Upande wa pili pete 15 zilizoungana, moja kwa kila jimbo la wakati huo. Soma maandishi polepole: UNITED STATES OF AMERI. Jina la nchi limekatwa katikati! Magazeti yalilalamika kuwa mnyororo si alama njema kwa taifa linalojisifia uhuru, na baada ya kufuliwa 36,103 ukabadilishwa kuwa shada la majani. Nikiishika huwa nawakumbuka wafua sarafu wa Kilwa, ambao karne nyingi kabla ya hapo walichapa kwenye shaba ndogo maneno yenye vina, upande mmoja ukiitikia mwingine.

Kisha uliza kama ipo Sheldon 48 ya 1794. Geuza nyuma, weka lenzi, na utafute kando kabisa, kwenye meno madogo yanayouzunguka uso wa sarafu: kuna nyota 94 ndogo mno. Kwenye zilizochakaa huenda ukaona chache tu.

Hatua ya 7: Ukikuta 1799, punguza mwendo. Ni mwaka adimu kuliko yote katika senti hizi, na kuna watu walioigeuza 8 ya 1798 kuwa 9. Kagua tarakimu ya mwisho: je, uwanja, yaani sehemu bapa inayoizunguka, una mikwaruzo au umeshuka kuliko penginepo? Ukiona hivyo, usipaze sauti mbele za watu. Irudishe sarafu kitambaani, msubiri mwenyewe awe peke yake, umwombe mtazame pamoja kwa lenzi.