Mbegu za Mkusu Mmoja Mtamu Hazitoshi

Mkusu (Uapaca kirkiana), mti wa matunda wa misitu ya miombo kuanzia Tanzania hadi Zimbabwe na Angola, bado ni mti wa porini. Ndani ya msitu mmoja utakuta mti wenye makusu makubwa matamu, na jirani yake anazaa madogo yenye ganda nene. Hazina iko kwenye tofauti hiyo, nayo hupotea pale mkulima anapojaza kitalu kizima kwa mbegu za mti mmoja uliomvutia.

Mkusu una miti dume na miti jike. Nusu ya urithi wa kila mbegu hutoka kwa dume usilolijua, hivyo mama akiwa mtamu, mtoto anaweza kuwa mchachu. Isitoshe, miche ya mama mmoja ni ndugu. Ikichavushana yenyewe kwa yenyewe, kizazi kinachofuata hudumaa.

Kusanya mbegu kwenye miti isiyopungua 30, iliyoachana mita 50 hadi 100, maana miti iliyosongamana mara nyingi ni ya ukoo mmoja. Ukikosa 30, chukua mingi kadiri uwezavyo, ila kila mti utoe idadi sawa ya mbegu. Ukichuma 500 kwa mmoja na 10 kwa mwingine, kwa hesabu ya urithi una mti mmoja tu na vikolombwezo.

Mbegu za mkusu hazitunziki, zikikauka, zimekufa. Menya, osha nyama yote, sia ndani ya siku chache. Kwenye viriba changanya udongo uliochotwa chini ya mikusu iliyokomaa, kwa kuwa mizizi yake huishi kwa kushirikiana na kuvu wa udongo huo. Bila kuvu hao miche hubaki mifupi na ya njano, na wengi hukimbilia kuongeza mbolea isiyosaidia.

Anayetaka tunda la uhakika abebeshe, yaani aunge kijiti cha mti aliouchagua juu ya mche mwingine wa mkusu. Mti wa mbegu huweza kuchukua zaidi ya miaka 8 kuzaa, na karibu nusu ya miti hiyo itakuwa dume. Uliobebeshwa huweza kuzaa ndani ya takriban miaka 4. Kata vijiti unene wa penseli kabla majani mapya hayajachipua, vifunge kwa kitambaa chenye unyevu, vikae kivulini, na ubebeshe siku hiyohiyo ikiwezekana.

Hapa ndipo mashamba mengi huharibika: vijiti vyote hutoka kwa jike moja. Ugonjwa unaoliangusha jike hilo utaangusha shamba lote, na pasipo dume karibu hakuna chavua. Tumia majike kuanzia 5, na dume 1 kwa kila majike 8 hadi 10, madume nayo yatoke miti tofauti. Dume hutambulika wakati wa maua, ambayo hukaa mafungumafungu ilhali ya jike hutoka mojamoja. Lifunge utepe wakati huohuo, kwani maua yakishapukutika hutalitofautisha na jike lililokosa kuzaa.