Kupasua Mbao kwa Msumeno wa Meza katika Karakana ya Pamoja
Katika karakana ya Mwanza inayotumiwa na mafundi wengi, usiuwashe msumeno wa meza kabla ya kukagua jinsi mwenzako alivyouacha: chomoa plagi, hakikisha kibati kinachotenganisha mbao nyuma ya bledi kipo, kisha pandisha bledi ipite unene wa ubao kwa milimita 3 hadi 6 tu. Vua glavu.

Ninalolihofia zaidi ni ubao kurushwa nyuma kukuelekea, jambo linalotokea mpasuo unapoibana bledi au ubao unapokwama kati ya bledi na kizuizi cha pembeni. Kwa hiyo simama kando, na vidole vikifika sentimita 15 kutoka kwenye bledi tumia kijiti cha kusukumia. Umeme ukikatika, zima swichi mara moja, maana ukirudi mashine huweza kuzunguka yenyewe.