Pickelhaube: anza na matundu ya ndani

Ukikutana na Pickelhaube, ile kofia ya ngozi ya askari wa Ujerumani yenye ncha juu, usiishie kutazama nembo ya mbele. Igeuze uangalie ndani. Nembo hushikiliwa na vishikizo viwili vinavyopenya kwenye ngozi, kwa hiyo kazi hiyo inahitaji matundu mawili tu. Ukiona ya ziada, hata kama yamezibwa, shuku kwamba nembo imebadilishwa. Ndivyo kofia ya kawaida ya Prussia, mojawapo ya majimbo ya Ujerumani ya wakati huo, inavyogeuzwa kuwa ya jimbo adimu ili bei ipande, na inaumiza kuona kitu halisi kikiharibiwa hivyo.

Kisha linganisha nembo na beji za duara za pembeni. Ya kulia kwa mvaaji, iliyoanza 1897, ni ya dola zima la Ujerumani: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Ya kushoto ni ya jimbo. Tai wa Prussia huenda na nyeusi na nyeupe, simba wa Bavaria na nyeupe na buluu. Tufe mahali pa ncha ni la kikosi cha mizinga, si kasoro. Madini ya kijivu badala ya shaba ni dalili ya toleo la 1915, ambalo ncha yake hufunguliwa na kutolewa.

Tafadhali usiipake ngozi mafuta kabla ya kutafuta mhuri wa kikosi na mwaka.